Akicheka Magoti Yanalegea, Akikaa Anasinzia

Maswali ya wazazi, anajibu Mama Muuguzi

SWALI

Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Korogwe, nauza vitambaa sokoni. Kijana wangu wa pili ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Tangu mwaka jana, baada ya mafua makali yaliyomlaza karibu wiki nzima, amekuwa mtu wa kusinzia. Anasinzia kwenye gari, anasinzia madrasa msahafu uko mbele yake, juzi kasinzia chakulani na tonge la ugali limo mkononi. Usingizi wa mchana alikwisha kuuacha kabla hajaanza shule. Usiku namlaza saa mbili na nusu, lakini hatulii. Anashtuka, analia, anasema kuna mtu amesimama pembeni ya kabati. Siku nyingine anasema alitaka kuniita, mwili ukagoma.

Kinachonitisha zaidi ni kicheko. Kaka yake akimchekesha, magoti yanamwishia nguvu, anashuka chini taratibu, mdomo wazi, ulimi nje, macho nusu yamefumba. Haipiti dakika, anainuka na kuendelea kucheza. Tena amenenepa ghafla: shati la shule nililonunua Januari halifungi vifungo. Na hasira zimekuwa karibu, neno dogo tu anarusha vitu.

Malaria nimempima mara tatu, hana. Mwalimu anasema ni mvivu na ameshamchapa. Mama mkwe anasema mtoto amechezewa, apelekwe kwa mganga. Baba yake anasema namdekeza. Jirani anasema ni kifafa. Sijui nishike lipi.

Mama wa Watatu, Korogwe

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, maana umeandika mambo ambayo kwa kawaida daktari huyachimba kwa maswali mengi na bado asiyapate yote.

Kwanza, mtoto asichapwe tena, na kesho uende mwenyewe ukamwambie mwalimu hivyo, kwa adabu lakini bila kuyumba. Pili, apelekwe hospitali, na ukifika utaje kwa jina ugonjwa unaouhofia: nakolepsi. Siwezi kumpima mtoto kwa barua, na sitakuambia kwamba ndio huo bila shaka. Ila kusinzia kulikorudi, magoti yanayolegea kwa kicheko, watu anaowaona gizani, mwili kugoma akiwa macho na unene wa ghafla, vyote kwa mtoto mmoja na ndani ya mwaka mmoja, ni mambo yasiyopaswa kupita bila daktari wa mishipa ya fahamu kumwona.

Nakolepsi ni ugonjwa wa ubongo. Chini kabisa katikati ya ubongo kuna kundi dogo la seli zinazotengeneza kemikali iitwayo oreksini. Kazi yake ni ya mlinzi wa geti: huzuia usingizi usiingie mchana, na huzuia ndoto zisitoke nje ya muda wake. Kwa mtoto mwenye nakolepsi ya aina aliyonayo mtu anayelegea akicheka, seli hizo zimekufa karibu zote, na wataalamu wengi wanaamini ni kinga ya mwili wake mwenyewe iliyozishambulia. Geti likabaki wazi. Mchana usingizi unaingia bila hodi. Usiku nao hautulii, maana hata kukesha kunaingia ovyo. Ndiyo sababu mtoto anayesinzia kutwa nzima unamkuta usiku anahangaika, na watu wa nyumbani wanaona hiyo ni hila: mchana alale, usiku acheze.

Ugonjwa huu haukuanza juzi. Jina lake lilitolewa mwaka 1880 na daktari Mfaransa, Gélineau, aliyemtibu mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa akisinzia ghafla mara nyingi kwa siku. Oreksini yenyewe iligunduliwa mwaka 1998, na mwaka 2000 ndipo watafiti walipoonyesha kwamba kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa kemikali hiyo karibu haimo. Kwa hiyo wakikuambia ni uvivu, unalo jibu: kuna kitu kinachopimika ambacho mwili wa mtoto umekipoteza.

Katika nchi zilizohesabu, hupatikana kwa takriban mtu mmoja katika watu 2,000 hadi 4,000. Ni wachache, lakini si wachache kiasi cha kutokuwepo Korogwe. Zaidi ya nusu ya wagonjwa, ukiwauliza ukubwani, wanakumbuka dalili zilianza kabla hawajafikisha miaka 18. Hata huko kwenye mahospitali makubwa, miaka 10 kati ya dalili ya kwanza na siku ya kuambiwa ni ugonjwa gani si jambo la ajabu. Miaka 10, mwanangu. Ni karibu shule ya msingi na sekondari nzima, mtoto anaitwa mzembe.

Sasa nikuonyeshe kwenye barua yako ni nini cha kushika.

Kusinzia peke yake hakutoshi. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku, na wengi wetu hatuwapi. Huko Dar es Salaam basi la shule linampitia mtoto saa kumi na moja alfajiri, anarudi magharibi, kisha kuna kazi za nyumbani za kuandika mpaka saa nne usiku. Huyo akisinzia darasani hana ugonjwa, ana deni, na wa kulaumiwa si yeye. (Jambo hili linaniudhi, na nitaliandikia siku yake.) Wako analala saa mbili na nusu. Kama anaamka saa kumi na mbili, saa zinatosha, na bado anasinzia. Hapo ndipo panapotia shaka.

Kinachotia shaka zaidi ni kule kurudi. Watoto wengi huacha usingizi wa mchana wakifika miaka mitano hivi. Aliyekwisha kuuacha, akaurudia akiwa na miaka saba, minane, tisa, tena kila siku na hata akiwa kwenye jambo analolipenda, huyo ameleta dalili. Wengine hawasinzii waziwazi. Usingizi ukiwabana wanapambana nao kwa kuhangaika: wanakimbia huku na huko, wanagombana, wanalia kwa neno dogo, wanashindwa kusikiliza. Mzazi anasema mtoto amekuwa mtukutu, mwalimu anasema hana makini, kumbe anajiweka macho. Hasira unazoziona inawezekana sana zinatoka huko. Unene nao ni hivyohivyo. Mara nyingi huja karibu na mwanzo wa ugonjwa, kilo zinaongezeka ndani ya miezi michache bila sahani kuongezeka sana. Daktari asipoambiwa atauona unene na kuanza na unene.

Kuhusu kicheko, hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndiyo alama kubwa kuliko zote na ndiyo inayochanganywa na kifafa.

Ukiwa katika usingizi wa ndoto, ubongo huuzima mwili karibu wote ili usiruke kitandani na kufanya unachokiota. Mwenye nakolepsi hupatwa na kuzimwa huko akiwa macho, hasa akichekeshwa, akifurahi au akishtuka. Madaktari wanaita katapleksi. Magoti yanalegea, kichwa kinainama, taya linaachia, maneno yanakuwa mazito. Fahamu ipo. Anasikia, anaona, anakumbuka.

Miaka niliyokuwa wodi ya watoto aliletwa msichana wa miaka kumi na moja aliyekwisha kuandikiwa kifafa, anatumia fenobabitoni kila usiku, na usingizi wa mchana ndio umezidi, maana dawa hiyo yenyewe inalevya. Siku hiyo alikuwapo daktari bingwa mgeni. Hakuanza na mashine. Alimwomba mjomba wa mtoto asimulie kitu cha kuchekesha, na mjomba, mtu wa maneno, akaanza kisa cha mbuzi wao alivyokula kofia ya imamu siku ya Idi. Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda. Kwanza tabasamu lilianza, halafu mashavu yakalegea kabla tabasamu halijaisha. Kope zikashuka. Kichwa kikaenda mbele kwa vipande vidogo, kinashuka, kinajaribu kuinuka, kinashuka tena, ncha ya ulimi ikatokeza, kikombe cha uji kikainama mkononi na uji ukamwagikia shuka. Daktari akainama, akamgonga chini ya goti kwa kile kinyundo chao. Mguu haukuruka. Kisha akamwambia sikioni, polepole: embe, kiatu, mvua. Msichana alipoinuka, daktari akamuuliza, nimekuambia nini? Akajibu: embe, kiatu, mvua. Mama yake akaanza kulia pale pale. Dawa ya kifafa akapunguziwa kidogokidogo, kwa mpango wa daktari. Nalisema hili ili msomaji yeyote mwenye mtoto aliye kwenye dawa za kifafa asizikate mwenyewe kwa sababu ya safu hii. Kuzikata ghafla ni hatari.

Kwa hiyo jirani yako hajasema upuuzi, kifafa lazima kifikiriwe. Lakini katika degedege la kifafa mtoto hukakamaa au hutetemeka, hajibu, na akizinduka mara nyingi hakumbuki na amechoka. Wako anateremka kwa kicheko, anainuka, anaendelea kucheza. Jaribu hilo la maneno matatu. Usimchekeshe kwa makusudi mara kwa mara, ataona aibu, ngoja itokee yenyewe.

Na urekodi kwa simu. Hili usiliache. Kwa watoto, katika miezi ya mwanzo, kulegea huku kunaweza kuonekana hata bila kicheko: uso umelegea muda mrefu, mdomo wazi, mwendo wa kuyumba, na mtu asiyejua anaweza kudhani mtoto amekunywa kitu. Baada ya muda hali hiyo hupungua, inabaki ile ya kicheko tu, tena labda goti moja au taya. Mkifika kwa bingwa baada ya mwaka mtoto ametulia kitini, kila kitu kizuri, daktari hana cha kuona. Dakika moja ya video mchana, uso na miguu vinaonekana, ni ushahidi mkubwa kuliko maelezo yangu yote haya.

Nije kwa mama mkwe. Asidharauliwe. Yeye anaona mjukuu anayemwona mtu gizani na kusema mwili umegoma, na kwetu Tanga jambo hilo lina maelezo tangu enzi za mabibi zetu: jinamizi limemkaba. Mkalishe umweleze kwamba ndoto inamjia mtoto kabla hajalala sawasawa au kabla hajaamka sawasawa. Macho yamefunguka, ndoto ingali inaendelea, na mwili bado umezimwa. Ndiyo maana anamwona mtu na hawezi kupiga kelele. Hata mzima humtokea mara moja moja akiwa na uchovu mkubwa. Kwa mtoto wako inarudi mara kwa mara. Dua asomewe, haimdhuru na itampa utulivu. Kufukizwa kwenye moshi, kupungwa usiku kucha, kufungishwa chakula, hapana. Kumkesha mtoto mwenye ugonjwa wa usingizi ni kumwongezea ugonjwa. Na usiku awe na mtu karibu, taa ndogo iwake, na akishtuka aguswe begani na kuitwa jina. Mara nyingi kumgusa kunamtoa katika ile hali ya kugoma.

Umetaja mafua, nami sikuyapuuza. Baada ya mafua ya H1N1 yaliyozunguka dunia mwaka 2009, madaktari wa Beijing waliona watoto wapya wenye nakolepsi wakiongezeka, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Huko Finland na Sweden nako waliongezeka, hasa watoto na vijana waliopata chanjo moja ya mafua hayo, Pandemrix, ambayo haitumiki tena. Inaelekea kwamba kwa mtu aliyezaliwa na vinasaba fulani, maambukizi yanaweza kuiamsha kinga ikaenda kushambulia pasipopaswa. Nimeandika hili waziwazi kwa sababu wazazi wanalikuta kwenye simu zao nusunusu, kisha wanaogopa kliniki. Chanjo zilizomo kwenye kadi ya mtoto wako si hiyo. Mdogo wake akamilishiwe zote. Na wewe hukufanya kosa lolote mtoto kuugua mafua.

Safari ya hospitali sasa. Chukua daftari, uandike kwa wiki mbili: amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, amesinzia mchana saa ngapi na akiwa anafanya nini, amelegea lini na nini kilimchekesha. Usisubiri wiki mbili ziishe ndipo uende, andika huku unaenda. Anzia hospitali ya wilaya. Watapima wingi wa damu, malaria tena, pengine homoni za tezi la shingo. Wataangalia koo na pua, watauliza kama anakoroma, watauliza dawa anazotumia, maana zipo dawa za mafua na mzio zinazosinzisha mtoto kutwa. Haya yote yapimwe, ndiyo yaliyo mengi. Yakitoka safi, omba rufaa. Kutoka Korogwe utapitia Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, na wao wanaweza kukupeleka KCMC Moshi au Muhimbili, kwa daktari wa mishipa ya fahamu, wa watoto kama yupo.

Kipimo chenyewe ni cha kulala. Mtoto analala usiku mmoja hospitalini na nyaya zimebandikwa kichwani, haumii, na kesho yake anapewa nafasi ya kulala mara nne au tano, kila baada ya saa mbili. Wanaangalia analala baada ya dakika ngapi, na kama anaingia moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto. Mtu mzima wa afya huchukua zaidi ya saa moja kuifikia ndoto. Mwenye nakolepsi mara nyingi huifikia ndani ya dakika 15. Wastani wa dakika 8 au chini ya hapo kabla ya kulala, pamoja na ndoto za mapema angalau mara mbili, ndicho kigezo. Mashine hizi kwetu ni chache na si rahisi. Lakini pale ambapo katapleksi ni ya wazi, na daktari mjuzi ameiona mwenyewe au kwenye video, anaweza kuanza matibabu bila kusubiri mashine.

Kupona kabisa bado hakupo, nisikudanganye. Kuishi vizuri kupo. Msingi ni kulala kwa mpango: usiku saa ileile kila siku, na mchana dakika 15 hadi 20 mara mbili, kwa mfano saa ya mapumziko na mara akirudi shule. Dakika hizo chache humfungua macho kwa muda mzuri. Dawa zipo, za kumweka macho na za kuzuia kulegea, baadhi ni za kudhibitiwa na hazinunuliwi dukani. Huandikwa na kufuatiliwa na bingwa. Usimpe kahawa wala vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye kopo.

Na kuna hatari za leo leo, kabla ya daktari. Asioge Mto Pangani peke yake, wala asiteke maji ukingoni. Mwembe asipande. Asiachwe na sufuria ya mafuta jikoni. Baiskeli aisahau kwanza, na kuvuka barabara kuu awe na mkubwa wake. Kaka yake umwambie sababu, na umwambie kwamba kumchekesha mdogo wake si dhambi, ila amchekeshe wakiwa wamekaa. Nyumba isiyocheka kwa kumwogopea mtoto si nyumba ninayokutakia.

Baba yake mpe barua hii aisome.

SWALI

Hujambo Mama Muuguzi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kilifi. Nina msichana wa miaka kumi na miwili, Gredi ya Sita, alikuwa wa mbele darasani. Tangu muhula uliopita anasinzia hata nikimsimamisha. Nimeangalia daftari lake: anaanza sentensi vizuri, katikati herufi zinakuwa kubwa, zinateremka nje ya mstari, halafu yanafuata maneno yasiyohusiana na somo, kisha mstari mrefu wa kalamu mpaka ukingoni. Nikimuuliza, hakumbuki ameandika. Wenzake wanamcheka. Nifanye nini?

Mwalimu, Kilifi

JIBU

Sijambo, Mwalimu. Laiti kila mtoto angekuwa na mtu wa kulitazama daftari lake namna hiyo.

Mstari ule unaoteremka ni usingizi uliompitia huku mkono unaendelea na kazi. Ubongo umelala kwa sekunde kadhaa, mkono haujaambiwa. Hutokea kwa yeyote mwenye deni kubwa la usingizi, na kwa mwenye nakolepsi hutokea mara kwa mara. Kwa hiyo kabla ya jina la ugonjwa, muulize faraghani, ukiwa na mwalimu wa kike: anaamka saa ngapi, nani anachota maji nyumbani, nani analea mtoto mchanga usiku. Umri huu hedhi nayo inaanza, na damu ikipungua mtoto anachoka na kusinzia. Muulize pia kama akicheka sana anasikia udhaifu magotini, shingoni au mdomoni. Watoto hawasemi hili wenyewe, wanadhani kila mtu yuko hivyo, au wanaona haya. Wapo wanaojifunza kutocheka kabisa. Ukimwona msichana mchangamfu ameanza kukaza uso kila wenzake wanapocheka, mwangalie kwa jicho la pili.

Daftari hilo lihifadhi, uliandike tarehe, wazazi waende nalo kwa daktari.

Darasani, mruhusu alale dakika 15 saa ya chakula cha mchana, ofisini au maktaba, asilale mbele ya wenzake. Mketishe karibu nawe na karibu na dirisha, mtume chaki, mpe kazi ya kusimama. Masomo magumu kwake yaje asubuhi au mara tu baada ya kulala. Kwa mtihani wa kitaifa zungumza na mwalimu mkuu mapema, akiwa na barua ya daktari, kuhusu mapumziko katikati. Na wenzake uwaambie kwa ufupi kwamba mwenzao anaumwa. Hasa wale waliogundua kwamba akicheka analegea. Watoto wakishalijua hilo wapo watakaomchekesha ili aanguke, na hapo, Mwalimu, uwe mkali.

SWALI

Salaam. Naishi Urambo, ni mrina asali, nakaa porini wiki nzima na mbung'o wanatuuma sana. Mwanangu wa miaka mitano analala sana mchana, usiku anakoroma, anatoka jasho, na amerudia kukojoa kitandani. Nimesikia redioni habari za ugonjwa wa usingizi. Je, nimemletea malale?

Baba, Urambo

JIBU

Wa alaikumu salaam, baba. Hofu yako ina msingi, maana Urambo ni nchi ya mbung'o. Lakini malale hayaendi na nguo zako nyumbani, humpata aliyeumwa na mbung'o mwenye vimelea. Je, mtoto umewahi kufuatana naye porini, au nyumba iko pembeni ya msitu? Kama ndiyo, na ana homa, kichwa kinauma, tezi zimevimba au ana kidonda pale alipoumwa, nenda leo, usisubiri Jumatatu. Aina ya malale tuliyo nayo Afrika Mashariki hukimbia, ndani ya wiki chache au miezi huingia kwenye ubongo na huua asiyetibiwa. Damu yake inaangaliwa kwa darubini. Hata kama hana homa apimwe, kwa mkoa wenu ni haki yake.

Nakolepsi sioni dalili zake hapa. Wa miaka mitano kulala mchana mara moja bado ni kawaida kwa baadhi. Ninachokisikia mimi ni koromo. Mtoto anayekoroma kila usiku, anatoka jasho, amerudia kukojoa na mchana anasinzia, mara nyingi ana mafindofindo makubwa au nyama za pua zinazomziba pumzi akilala. Anaamka mara nyingi kwa usiku mmoja bila nyinyi kujua, akitafuta hewa. Hilo lina tiba, na pengine ni upasuaji mdogo wa koo na pua unaobadilisha hali yake kabisa.

Usiku akilala vua shati lake, tazama kifua. Je, kinaingia ndani anapovuta pumzi? Je, koromo linakatika, kimya kwa sekunde kadhaa, halafu anavuta kwa kishindo? Rekodi dakika mbili kwa simu, sauti isikike, umwonyeshe daktari siku hiyo hiyo ya kupima damu. Na kama wakati wa kula kichwa chake huinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, mara nyingi ndani ya dakika, macho yakimtoka bure, lirekodi nalo. Huko Mahenge na kaskazini mwa Uganda, kwenye maeneo ya usubi, watoto wengi wameugua namna hiyo, na ule ni ugonjwa wa jamii ya kifafa, hauna uhusiano na kusinzia.

Niandikie majibu ya damu yakitoka.